Sakafu ya joto: kabla hujalipa, uliza kihisi kitapita wapi

Nilivunja vigae vinne vya bafuni kwangu kwa tindo na nyundo ili nitoe kidude kisichozidi kucha ya kidole gumba. Ni kihisi cha sakafu, kile kinachoiambia themostati, yaani kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima joto, kwamba sakafu imefika nyuzi ngapi. Mkeka wenyewe wa waya wa umeme, ule unaopasha sakafu chini ya vigae, ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa ni kihisi, na fundi alikuwa amekizika moja kwa moja ndani ya gundi ya vigae, bila paipu, bila njia ya kukitoa. Msimu wa tatu wa baridi themostati ikaanza kuonyesha alama ya hitilafu na kugoma kuwasha. Muuzaji akaniambia ninunue themostati nyingine. Nikanunua. Hitilafu ikabaki ileile. Mwishowe nikaazima multimita, yaani kipima umeme, nikafungua kisanduku cha ukutani na kupima nyaya mbili za kihisi. Kihisi cha aina ile kinatakiwa kusoma ukinzani wa kilo-omu 10 sakafu ikiwa na nyuzi 25, na namba hupanda kadiri sakafu inavyopoa. Changu hakikusoma kitu. Waya wake ulikuwa umekatika huko chini.

Kwa hiyo sitaanza na wati wala themostati zenye skrini ya kugusa. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi. Mimi nataka umuulize muuzaji swali moja kabla hujatoa hela: kihisi kikifa, nitakitoaje bila kuvunja sakafu? Akikujibu kwamba vihisi havifi, toka dukani humo.

Dawa yake ni rahisi mno, na ndiyo inayoniuma. Ni kipande cha paipu nyembamba ya plastiki kinachoshuka kutoka kisanduku cha themostati, kinapinda kuingia sakafuni, na kulala katikati ya mistari miwili ya waya wa joto. Ncha ya ndani inazibwa kwa utepe ili gundi isiingie. Pale kwenye kona ya ukuta na sakafu, mpindo uwe mpana. Ukiwa mkali, kihisi kitaingia siku ya kwanza na hakitatoka tena. Fundi achimbe mfereji mdogo ili paipu isiinue kigae, na isipite juu ya waya wa joto wala kuugusa. Kisha mwambie akivute kihisi chote nje na kukirudisha, mbele ya macho yako, mara moja kabla ya vigae na mara moja baada ya vigae. Mimi sasa simlipi fundi mpaka nilione hilo.

Sasa machaguo yenyewe. Nayapanga kwa jinsi ninavyoyaamini, lakini umri wa nyumba yako unaweza kupindua mpangilio.

Namba moja kwangu ni waya wa joto unaobanwa kwenye utando wa plastiki wenye vifundo, unaotandikwa chini ya vigae, na sifichi kwamba napenda chapa moja: Schlüter, mfumo wao wa DITRA-HEAT. Utando una unene wa milimita 5.5, waya unabonyezwa kati ya vifundo kwa mkono, na mpangilio wa sentimita 9 kati ya mstari na mstari unatoa wati 136 kwa mita ya mraba. Lakini nilichokipendea ni mambo mawili mengine. Kwanza, utando unatenganisha vigae na sakafu ya chini. Nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao hucheza kidogo kila majira yanapobadilika, na vigae vilivyogandishwa moja kwa moja juu yake hupasuka. Pili, themostati zao huja na vihisi viwili, kimoja cha akiba. Kuna mtu kule kiwandani aliyekaa akafikiria siku kihisi cha kwanza kitakapokufa. Kwa sababu hiyo tu ningewapa pesa zangu tena, na nimewapa.

Utando huu hauchukui nafasi ya ubao wa kuzuia joto. Nyumba nyingi za umri wa kati, si mpya wala si kongwe, zina zege tupu juu ya udongo, na ukipasha sakafu ya namna hiyo bila kizuizi chini, unapasha ardhi kwanza. Sakafu itachukua saa nyingi kupata joto na mita ya umeme haitakusubiri. Weka mbao za kuzuia joto za kubebea vigae, hata za milimita 10, uone tofauti. Angalia tu kimo: ubao, utando, gundi na kigae vikijumlishwa, mlango unaweza kukwama.

Namba mbili ni mabomba ya maji ya moto ndani ya skridi, yaani tabaka linalomwagwa na kusawazishwa chini ya sakafu ya juu. Kama bado unajenga, hii ndiyo namba moja, wala usihangaike na umeme isipokuwa bafuni. Maji ya nyuzi 35 hadi 45 yanatosha, ndiyo maana mfumo huu unaelewana sana na pampu ya joto. Chagua bomba la PE-Xa (aina ya plastiki ngumu) lenye tabaka la kuzuia oksijeni, milimita 16, na kila mzunguko usizidi kama mita 100. Bomba lijazwe maji na kupimwa kwa presha kabla skridi haijamwagwa, na presha ibaki humo wakati wa kumwaga, ili likitobolewa na koleo ujue palepale. Halafu subira. Skridi ya saruji haipashwi kabla ya siku 21, na ile ya anhidriti, yaani ya jamii ya jasi, siku 7, na hata hapo unaanza na maji ya nyuzi 20 hadi 25 kwa siku 3 kabla ya kupandisha. Wenye haraka huishia na nyufa.

Na huku pia swali langu liko palepale. Wengi huweka themostati inayosoma hewa ya chumba pekee, basi kihisi cha sakafu hakikumbukwi kabisa. Ukitandika mbao juu, kwa kawaida uso wa sakafu haufai kupita nyuzi 27, na hewa ya chumba haiwezi kukuambia hilo. Weka paipu ya kihisi kabla ya skridi, hata kama hutakitumia leo. Skridi haichimbwi ovyo kama gundi ya vigae, maana chini yake kuna mabomba.

Namba tatu ni mifumo ya maji myembamba, yaani mbao zenye mifereji za milimita 15 hadi 22, au sahani za alumini zinazowekwa kati ya boriti za sakafu ya mbao. Hii ni kwa nyumba kongwe ambayo huwezi kuibebesha skridi. Inafanya kazi, ila kwanza pata mtu apige hesabu ya joto linalopotea kwenye kuta, madirisha na paa. Sakafu ya sebuleni inaruhusiwa kufika nyuzi 29 tu, na chumba kikiwa nyuzi 20, hapo inatoa takriban wati 100 kwa mita ya mraba, basi. Nyumba kongwe ya mawe yenye madirisha ya kioo kimoja inaweza kudai zaidi ya hapo siku ya baridi kali. Hakuna chapa itakayokuokoa, hata ile ninayoipenda. Ziba upepo, tandika kizuizi darini, ndipo uje kununua mabomba. Na usimruhusu fundi kukata boriti ili bomba lipite bila mtu anayejua majengo kumwambia wapi na kiasi gani.

Namba nne ni mkeka wa kawaida wa kugandisha, wati 150 kwa mita ya mraba, kama ule wa kwangu. Si mbaya, ukiwa na paipu ya kihisi. Zile karatasi nyembamba za joto za bei ya chini, za kutandika chini ya lamineti (sakafu ya vibao vya kubandikana), zinafaa kwa chumba kidogo kikavu. Sina zaidi la kusema juu yake.

Wauzaji ndio wanaonichosha. Watakuuliza ukubwa wa chumba, hawakuulizi eneo lililo wazi baada ya kutoa kabati, bafu na choo. Kwa hiyo unapewa mkeka mkubwa mno, na waya wa joto haukatwi hata sentimita moja. Unachokata ni wavu wake tu ili uugeuze. Mkeka ukizidi, umezidi. Wanauza "seti kamili" isiyo na ubao wa kuzuia joto, isiyo na paipu. Na ukienda kununua kihisi cha badala, wanakupa chochote kilichopo rafuni. Vya chapa ya DEVI ni kilo-omu 15 kwa nyuzi 25, vingine vingi ni 10. Ukichanganya, themostati itasoma joto la uongo na haitakuonya. Dhamana niliyopewa mimi ilikuwa ndefu kwa waya, lakini kihisi kilihesabiwa kama kifaa cha ziada, na gharama ya kuvunja na kurudisha vigae haikuwamo kabisa. Soma kipande hicho kabla ya kusaini.

Bafuni kwangu sasa kuna paipu mbili na vihisi viwili. Namba za vipimo vyote viwili, pamoja na omu za waya wa joto na tarehe, nimeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kisanduku cha themostati, nyuma ya kifuniko. Asubuhi hii kihisi cha kwanza kimesoma kilo-omu 12.4, sawa na sakafu ya nyuzi 20 hivi. Cha pili kimesoma hivyohivyo.