SSD kwenye Dell Latitude E6430 yangu hapa Kigoma, uzoefu wangu

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma, na kazi zote, kuprinti, kuskani, kujazia vijana fomu za mkopo wa chuo wa HESLB (Bodi ya Mikopo), zinapita kwenye Dell Latitude E6430, zile za mwaka 2012. Core i5, RAM GB 8, kioo safi, kibodi safi. Shida ilikuwa hadi diski tu. Umeme ukikatika ukarudi naiwasha, Windows inafunguka vizuri ila ukibonyeza Chrome kimya, kijana kasimama na vyeti vyake mkononi, ukiangalia Task Manager diski iko 100% na prosesa imekaa haina kazi inasubiri. Ukiona hivyo na RAM haijajaa, usiongeze RAM wala usinunue laptopu nyingine, badilisha diski, weka SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ina kasi kuliko hadi diski.

Nimechukua Kingston A400 ya GB 480, imetoka Kariakoo ikaja na basi. Sasa nyie wa huku mbali nisikilizeni hapa: kabla hujatuma hela hakikisha mashine yako inachukua diski ya aina gani, maana mzigo ukiwa sio wenyewe kuurudisha Dar ni nauli nyingine na kazi imesimama. E6430 inakaa SATA ya inchi 2.5, yenye umbo lilelile la hadi diski ya laptopu. Zile M.2 nyembamba kama bigijii zina raha yake, NVMe (zile M.2 zenye njia ya kasi kuliko SATA) nzuri inasoma hata MB 3,000 kwa sekunde, ila sehemu ya kuichomeka humu haipo, na SATA 3 iliyomo humu mwisho wake ni kama MB 550. Na hata kama laptopu yako ina tundu la M.2 bado uliza, kuna M.2 za SATA na za NVMe, inaweza kuingia vizuri tu na isisomwe kabisa.

Ilivyofika nikaichomeka kwanza kwa kebo ya USB nikairushia programu ya H2testw, inaandika diski nzima mpaka ijae alafu inasoma tena, feki yenye GB za uongo inaumbuka hapohapo. Yangu ikapita. Windows itakuonyesha GB 447, usigombane na muuzaji, ni hesabu tu, kiwandani wanahesabu kwa 1,000 na Windows kwa 1,024.

Kufunga ni bisibisi tu, toa betri, fungua skrubu, vuta diski, hamishia SSD kwenye fremu yake, rudisha. Sikukloni, yaani kunakili diski nzima ilivyo, ya zamani ilikuwa GB 500 na hii ni ndogo kidogo, pia sikutaka kuhamisha takataka za miaka yote hiyo, nikapiga Windows 10 mpya na ikajiaktiveti yenyewe ilipopata intaneti kwa sababu leseni inaitambua mazabodi.

Jamani tofauti ni kubwa mno! Nabonyeza pawa, nikigeuka kuchukua karatasi nakuta iko tayari. PDF ya kurasa nyingi inafunguka mteja bado anaongea. Siku za foleni ya mkopo sasa nafanya kazi kwa amani na vijana hawarudi nyumbani bila kumaliza.

Ila A400 haina DRAM, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya SSD, na SSD za hivyo ukizimwagia mafaili makubwa mfululizo kasi inashuka. Kwa Word na PDF sijali kabisa, ila kama unaediti video ongeza hela chukua yenye DRAM kama Samsung 870 EVO au Crucial MX500. Na SSD haikupi Windows 11, prosesa hizi za zamani Microsoft haizitaki, na sapoti ya kawaida ya Windows 10, pamoja na apdeti za usalama, imeisha tarehe 14 Oktoba 2025, ndo maana mambo ya benki nafanyia Linux Mint, mfumo mwingine wa bure niliouweka humohumo pembeni ya Windows.

Ile hadi diski ya zamani nimeitia kwenye kava la USB, kila jioni kabla sijafunga duka nakopi kazi za wateja humo, maana hadi diski ikitaka kufa mara nyingi inaanza kugonga unaisikia, SSD inaweza kuzima ghafla na usiambulie hata faili moja.