Misimu mitatu na barakoa moja: uzoefu wangu wa vifaa vya airsoft

Jino langu la mbele, la juu kulia, lina kipande cha kubandika. Daktari wa meno alifanya kazi nzuri, hukioni mpaka nikuoneshe, lakini ndicho kilichonifanya niandike haya. Gololi ya plastiki ya milimita 6 ilitoka nyuma ya mapipa, mita tano hivi kutoka niliposimama, na mdomo wangu ulikuwa wazi kwa sababu nilikuwa namwita mwenzangu. Macho nilikuwa nimeyakinga. Sehemu iliyobaki ya uso sikuwa nimeifikiria.

Nacheza airsoft, mchezo wa kupambana kwa bunduki za kuigiza zinazofyatua gololi za plastiki, hapa Uingereza, kwenye misitu ya Midlands, na huu ni msimu wangu wa tatu. Aliyenipeleka ni shemeji, mume wa dada yangu. Siku ya kwanza aliniambia nikodi kila kitu uwanjani, nisinunue hata kimoja. Sikumsikiliza. Wiki hiyo hiyo nilinunua bunduki ya airsoft inayoendeshwa kwa betri, ya bei kubwa, na pesa zilizobaki, pauni 18, nikanunulia miwani mtandaoni. Ningerudi nyuma ningefanya kinyume: pesa nzuri kwenye uso, bunduki ya kukodi mwaka mzima.

Ile miwani ilikuwa ya kuning'inia masikioni kama miwani ya jua. Haikupita nusu saa ikajaa ukungu. Mtu asiyeona msituni hushawishika kufanya kosa baya kuliko yote, yaani kuinyanyua kidogo apanguse. Nilikuwa nimeshaishika kwa vidole viwili nikasikia shemeji anapiga kelele, "Shemeji, usivue! Chutama hapo hapo, mwite mwamuzi!" Mwamuzi akaja, akasimamisha mchezo, akanishika mkono hadi eneo salama. Nilijifunza hapo kwamba miwani isiyopitisha hewa ni hatari hata kama kioo chake hakivunjiki, kwa sababu inakutamanisha kuivua.

Nyumbani niliitazama vizuri. Kwenye fremu palikuwa na EN166, alama ya kiwango cha Ulaya cha kinga ya macho, na herufi F. Ukinunua kinga ya macho yenye alama hiyo, zisome herufi zake kabla hujatazama rangi. F maana yake imejaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6, yenye uzito wa gramu 0.86, ikienda mita 45 kwa sekunde. Ukipiga hesabu ni kama jouli 0.87, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Sasa tazama: sheria ya Uingereza ya 2017 inaruhusu airsoft ya kumimina risasi mfululizo hadi jouli 1.3, na ile ya risasi moja moja hadi 2.5. Maana yake miwani yangu ilijaribiwa kwa nguvu ndogo kuliko ile niliyokuwa nasimama mbele yake. Herufi ya kutafuta ni B, mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. Na B haipewi miwani ya kuning'inia masikioni. Ni ya ile inayofungwa kwa mkanda na kuziba jicho pande zote, au ngao ya uso. Ukikuta na N kando yake, hiyo inahusu ukungu, na K inahusu mikwaruzo.

Baada ya jino nilinunua barakoa ya uso mzima, ya aina wanayovaa wachezaji wa paintball, mchezo wa kupigana kwa matonge ya rangi, pauni 85. Ndiyo ninayoivaa hadi leo. Tonge la paintball lina gramu 3 hivi na huenda karibu mita 90 kwa sekunde, kwa hiyo lenzi yake ya polikaboneti imetengenezwa kuhimili kishindo kikubwa kuliko chetu. Lakini nilichokilipia hasa ni lenzi mbili zenye hewa katikati. Ukungu unatokea pale pumzi ya moto yenye unyevu inapokutana na lenzi ya baridi. Ile hewa ya katikati inaizuia lenzi ya ndani isipoe, basi pumzi haina pa kugandia. Mwezi wa Januari, nyasi zina barafu, wenzangu wanahangaika, mimi naona. Siku ya mvua yenye jasho jingi bado kuna kiwingu kidogo pembeni, sitaficha, ila kinaondoka nikisimama dakika moja.

Kasoro yake ni moja na ni ya kweli. Shavu halifiki kwenye kitako cha bunduki, taya la plastiki linagonga kwanza, kwa hiyo kulenga kwa kawaida hakuwezekani. Miezi miwili nilipiga juu ya vichwa vya watu. Dawa ilikuwa kipande cha chuma cha kuinua kilengeo, pauni 15, kikapanda sentimita mbili hivi, shingo ikapumzika. Jaribu barakoa ukiwa umeshika bunduki, dukani au kwa rafiki, kabla hujatoa pesa.

Utaambiwa kuhusu ile ya wavu wa chuma, kwamba haishiki ukungu kabisa. Ni kweli haishiki. Kwa mdomo na mashavu ni nzuri sana. Kwa macho siivai, kwa sababu gololi hafifu hupasuka inapopiga chuma, na chenga zake hupita kwenye matundu.

Utunzaji ni jambo ambalo watu hulidharau. Usifute lenzi ya ndani kwa fulana; utando wa kuzuia ukungu unatoka. Mimi naisuuza kwa maji ya vuguvugu, naigusagusa kwa kitambaa laini, naiacha ikauke chini ya kivuli. Spiriti usiikaribishe. Na dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET huharibu baadhi ya plastiki, basi ipake kabla ya kuvaa kisha unawe viganja.

Kwenye gololi nilipoteza pesa kidogo tu, lakini kwa ujinga wa kuamini zote ni sawa. Za gramu 0.20 msituni zinapeperushwa na upepo kama makapi ya mpunga. Nilihamia 0.28 na nikaona tofauti siku ile ile, baada ya kurekebisha hopapu, kile kimpira kinachoipa gololi mzunguko wa kurudi nyuma ili isidondoke mapema. Kizungushe polepole mpaka iende imenyooka. Ikipanda juu mwishoni, umezidisha. Na usiokote gololi chini ukazitumia tena, hata kama zinaonekana safi. Gololi nzuri ina kipenyo cha karibu milimita 5.95, na mitutu mingi ya kawaida ni 6.08 kwa ndani. Chembe moja ya mchanga inatosha kuikwamisha. Viwanja vingi vya nje vinataka zile zinazooza ardhini, kwa hiyo uliza kabla ya kununua mfuko mkubwa.

Betri ndiyo inayonitia hofu zaidi nikiona vijana wanavyoichezea. Natumia ya lithiamu, aina inayoitwa LiPo, ya volti 7.4, yaani seli mbili. Ikijaa kila seli ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3.0 imeharibika, na ukiichaji hivyo inaweza kuwaka. Kengele ndogo ya kupima volti za betri inauzwa pauni tatu nne, ichomeke kila baada ya mchezo. Ya kwangu ina uwezo wa 1300 mAh, yaani ampea-saa 1.3, naichaji kwa ampea 1.3, ndani ya mfuko usioshika moto, na mimi nikiwa hapo chumbani. Kama wiki hiyo sichezi, naiacha kwenye volti 3.8 kwa seli. Ikianza kuvimba tumbo, haichajiwi tena.

Kwa ndugu waliofika Uingereza karibuni: tangu sheria ya 2006, duka haliwezi kukuuzia bunduki inayofanana na ya kweli bila sababu inayokubalika. Wengi tunajisajili UKARA, orodha ya wachezaji inayotambuliwa na maduka ya airsoft, baada ya kucheza angalau mara tatu katika muda usiopungua siku 56 kwenye uwanja unaotambuliwa. Chini ya miaka 18 hununui. Kabla ya kujisajili, mtu mzima huuziwa zile zilizopakwa rangi kali. Njiani iwe ndani ya begi lililofungwa, betri imetolewa, hata kama ni kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Mtu aliye dirishani hajui kwamba ni ya plastiki, na polisi watakaoitwa hawajui pia. Wala usiipakie kwenye sanduku ukienda nyumbani Tanga au Mombasa bila ruhusa ya maandishi mkononi.

Lenzi yangu ya sasa ina mkwaruzo upande wa kushoto, chini, uliotokana na tawi. Bado naona vizuri, lakini mkwaruzo ni mahali pa kuanzia ufa, na lenzi mpya ni pauni 30. Nimeshaiagiza. Ile ya zamani nitaivunja kwa nyundo kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akaivaa.