Programu ya tafsiri iliyoitukana sabuni yangu

Natengeneza sabuni, udi na singo (ile ya manukato ya kujisugulia mwilini) nyumbani, nauzia wageni Mji Mkongwe. Kila kipande kina kibandiko, na kibandiko hakikosi Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia tu: bei, rangi, na karibu tena. Basi nikalipia programu moja ya tafsiri ya kwenye simu, jina lake nalisitiri, nikaitumia miezi miwili.

Nianze na mazuri. Inafanya kazi hata bando likiisha, maandishi yake makubwa, na ukibonyeza neno inakutamkia. Hapo sina la kusema.

Shida ni pua. Niliandika "Sabuni hii inanukia", ikanipa "This soap smells". Nikachapisha vibandiko sitini. Mama mmoja Mwingereza akasoma, akakirudisha kile kipande mezani kwa vidole viwili. Mtoto wa kaka yangu, anayetembeza watalii mashamba ya viungo Kizimbani, ndiye aliyenifumbulia: "Shangazi, hapa umeandika sabuni inanuka!"

Sisi kunuka na kunukia tunavitenga kwa kairabu kamoja tu, wala mtoto mdogo hakosei. Wao "smell" ni hiyo hiyo kwa uturi na kwa jaa, na ukiiacha peke yake, bila neno la kuisindikiza, basi umetukana.

Uzuri wanautia kwenye jina la harufu yenyewe, na hapo ndipo programu inapopotea kabisa. Asumini, langilangi na marashi ni "fragrance". Kahawa, iliki, mkate unaotoka motoni, hizo "aroma". "Scent" ni ya kupita kwa mbali, na ndiyo hiyo hiyo anayoifuata mbwa wa polisi. "Odour", hasa ikisimama peke yake, mara nyingi ni ya jasho na makwapa. Sasa mimi kila nikitafuta "harufu" naletewa "smell" juu na "odour" chini yake. Nusura niibandike kwenye singo! Singo, jamani, ya bibi harusi.

Harufu kali ya karafuu ikageuka "fierce", kama vile karafuu ina meno. Kumbe ni "strong" tu, na ukitaka kusema ile inayochoma pua, "pungent". Nilidhani "pungent" ni tusi. Wapishi wao wanaisifia viungo.

Lililonichekesha ni sabuni ya mchaichai. Niliandika kwamba inaondoa vumba mikononi, programu ikasema inaondoa vumbi. Sijui iliona nimekosea herufi! Vumba ni vumba, kila aliyewahi kuparua samaki analijua. Kwa Kiingereza inabidi uzunguke, useme "fishy smell", na hapo "smell" imekaa mahali pake.

Nawapa nyota mbili kati ya tano, moja ni ya ile sauti. Kama unatafsiri barua ya kuomba chumba, ichukue. Kama unauza kitu cha kunusa, tafuta mtu.

Vibandiko vilivyobaki sikuvitupa, karatasi ile ghali. Kila kimoja nimekiongezea "lovely" kwa kalamu ya wino, baada ya "smells". Wageni wanaona ni mapambo, wengine wananiomba niwaandikie na majina yao.