Matairi ya baridi ya Hakkapeliitta R5 kwenye Corolla yangu: msimu mmoja Winnipeg, Kanada

Mwaka juzi, Desemba, saa moja na robo asubuhi, natoka zamu ya usiku, giza bado limetanda. Mbele taa nyekundu. Nikakanyaga breki mapema kama kawaida yangu, gari likakataa kusimama. Pedali inatetemeka chini ya mguu, ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake, na gari linateleza polepole mpaka katikati ya njia panda. Basi la mjini lilikuwa limepita muda huo huo. Mikono ilinitetemeka hadi nyumbani.

Na matairi yalikuwa mapya! Ya misimu yote, kashata (meno ya tairi) zimejaa, na muuzaji alinihakikishia kwamba yanatosha. Jirani yangu, Mkongo wa Bukavu anayeendesha lori, aliinama akayabonyeza kwa kidole gumba, akaniambia: "Dada, hizi tairi haziko za baridi. Zimekuwa kama mbao."

Alikuwa na haki. Mpira wa kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na huku Januari tunaamkia 30 chini ya sifuri. Wenzangu huita majira haya kipupwe, ila kipupwe ninachokijua mimi, cha Tanga, ni cha kujitanda kanga asubuhi. Basi, kabla ya kulipa, tazameni ubavu wa tairi: mtafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake inahusu mchoro wa kashata tu, haisemi lolote kuhusu tairi kupimwa kwenye theluji. Yangu yalikuwa na M+S, na nimeshawaeleza yalivyonifanyia.

Nikachagua Nokian Hakkapeliitta R5, yasiyo na misumari ya kung'ata barafu, saizi 205/55R16. Nokian ni Wafini. Wametengeneza matairi ya theluji tangu 1934, na zamani walikuwa kampuni moja na Nokia ya simu, ile ya tochi tuliyoanza nayo wengi wetu. Manne pamoja na ringi zake za chuma na kufungwa yalinitoka dola 1,420. Ni pesa nyingi kwa mshahara wa mhudumu wa wazee. Manitoba Public Insurance, shirika la bima la serikali ya jimbo letu, walikuwa na mpango wa mkopo wa matairi ya baridi, hadi dola 2,000 kwa gari, nikachukua huo. Ringi za peke yake kwa matairi ya baridi msione ni anasa: kila msimu unabadilisha gurudumu zima, hulipii tena kuvua mpira na kuuvisha.

Fundi alinitaka nirudi baada ya kilomita 100 akaze nati upya. Nilirudi, na mbili zilikubali kuzunguka kidogo. Msiipuuze hatua hiyo.

Sasa barabarani. Mitaa ya ndani hapa theluji hushindiliwa na magari mpaka inakuwa sakafu, na penye taa za barabarani ndipo panapong'aa zaidi, maana magari husimama hapo yakipumua moshi wa moto juu ya barafu. Hapo ndipo R5 yalipolipa fedha yangu. Nikikanyaga breki nasikia mpira unang'ang'ania, kama nyayo za mtu anayetembea peku juu ya mwamba wenye maji. Taa ile ile iliyonitisha nimesimama nyuma ya mstari msimu mzima. Kuondoka penye theluji nzito pia ni rahisi, lakini hilo mimi silihesabu sana. Kuondoka hata tairi baya litaondoka. Shida ni kusimama.

Kasoro zipo. Aprili lami ikikauka, usukani unakuwa mlegevu na gari linayumba kidogo kwenye kona. Ni mpira laini, na ukiendelea nao kwenye joto utalika haraka. Kwenye barafu yenye maji juu yake, karibu na nyuzi sifuri, bado niliteleza mara mbili, kwa hiyo nafasi mbele yangu siipunguzi. Na wanaofunga mawili ya mbele tu ili kuokoa pesa, nawasihi waache: mbele patashika, nyuma patafagia, na gari litageuka mzima mzima.

Upepo pia unahitaji jicho. Kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza kama psi 1 (kipimo cha upepo), kwa hiyo asubuhi ya kwanza ya baridi kali taa ya dashibodi iliwaka bila pancha yoyote. Nilijaza, ikazimika. Mengine niliyoyafanya Oktoba ni ya kawaida: betri ilipimwa, kulanti pia, maji ya waipa nikaweka yasiyoganda hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na waya wa hita ya injini nachomeka kwenye plagi saa chache kabla ya kwenda kazini.

Mwisho wa Aprili nimeyavua, nikaandika kwa chaki kila moja lilikokaa, ili Oktoba yale ya mbele yaende nyuma. Kashata zilizobaki ni milimita 7. Zikifika 4 nitanunua mengine, na yatakuwa haya haya.