Boti ya Kukodi Dunga: Kapteni Aliyemkatalia Mpwa Wangu

Naandikia yeyote anayetafuta boti ya kukodi upande wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, hasa kama ana vijana wanaotaka kuingia majini, si kukaa tu wakipiga picha za viboko. Sisi tulikodi Jumamosi asubuhi, kwa muda wa saa tatu nzima, shilingi 9,000 pamoja na petroli. Boti ni ya fibaglasi, nyeupe, ina mstari wa kijani ubavuni na injini ya nguvu farasi 40. Nimeipa nyota nne kati ya tano.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 19 na anaishi Austin, kule Texas. Safari hii alikuja na ubao umeviringishwa kwa taulo mbili. Ni ubao wa mchezo wanaouita wekisafu: boti maalum inatembea polepole, kama kilomita 16 hadi 19 kwa saa, ikiwa imejazwa maji matumboni ili izame kidogo na kuacha wimbi refu nyuma yake. Mchezaji anaanza kwa kushika kamba fupi ya mita sita hivi, akishasimama na kulipata wimbi anaitupa kamba, anabaki akiteleza hatua chache tu nyuma ya boti bila kushikwa na kitu. Alinionyesha kwenye simu. Ni mchezo mzuri kuutazama, sikatai. Akaniuliza, "Anti, ziwa lote hili na hakuna anayecheza?"

Ufuo wa kwanza tuliouliza si Dunga, na sitautaja. Kijana wa pale alisema hakuna shida, leteni elfu tano, tutamvuta mpaka achoke. Nikaomba kuona laifu jaketi. Akainua ubao wa kukalia, akatoa tatu zilizolowa, moja haina klipu hata moja na nyingine sponji imetoka nje kama godoro kuukuu. Tulikuwa watu wanne kabla ya yeye kupanda. Nikamshika mpwa wangu mkono tukaondoka, na alinuna njia nzima.

Mimi sina mchezo na jambo hili. Kaka yake mama, mjomba aliyenilipia karo ya sekondari, alizama akivuka kutoka Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano. Upepo uliwakuta katikati. Walionusurika walituambia kwamba majaketi yalikuwemo botini. Yalikuwa yamefungwa ndani ya gunia, chini ya magunia ya unga, ili yasichafuke. Mjomba alipatikana siku ya tatu. Tangu hapo sipandi chombo chochote kabla ya kuuliza jaketi liko wapi, na kama jibu ni "liko, usijali", nashuka.

Sasa huyu kapteni wa Dunga. Tulipofika saa moja na nusu asubuhi, majaketi yalikuwa yametundikwa kwenye kamba yakipunga hewa, manane kwa boti ya watu saba. Hakuanza na bei. Alianza kwa kunitazama mwili, akachukua moja, akanivisha, akafunga klipu moja baada ya nyingine, akasema, "Mama, sifungui boti mpaka nisikie klipu zote zimelia." Mpwa wangu akamwambia ana la kwake kutoka Marekani, jeusi, jembamba, zuri kweli. Kapteni akaligeuza ndani nje, akasoma kibandiko, akamrudishia asome mwenyewe. Imeandikwa pale kwamba si kifaa cha kuokolea maisha. Ni vazi la kukinga mbavu mtu anapoanguka, halina kibali cha walinzi wa pwani wa kwao. Kijana alikuwa amelivaa miaka miwili bila kusoma. Akavaa la rangi ya chungwa.

Nitaeleza kidogo kuhusu haya majaketi, maana sokoni mjini yote yanaonekana ndugu. Tafuta kwenye kibandiko namba ya nyutoni, yaani kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu. La nyutoni 50 linamsaidia tu mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kuanzia nyutoni 100 ndipo linatengenezwa kumgeuza mtu uso uangalie juu, na la 150 ni la maji makubwa zaidi. Haya ya kapteni ni ya 100, yana kola nyuma ya shingo. Mjini usinunue kwa rangi.

Halafu akamkatalia wekisafu. Alimpeleka nyuma ya boti, akamwonyesha injini ilivyoning'inia nje na propela ilivyo wazi chini yake. "Wewe unataka kuteleza hapa, mita mbili. Ukianguka mbele, au wimbi likikurudisha, unakutana na hii." Mpwa wangu, na hapa nilimheshimu, akakiri palepale kwamba hata kwao hakuna anayekubali mchezo huu nyuma ya injini ya nje. Boti zao zina injini ndani na propela iko mbali chini ya tumbo la boti. Tena hata kwa boti hizo kuna hatari ya moshi: boti ikienda taratibu, kaboni monoksaidi inajikusanya pale nyuma, na haina rangi wala harufu. Mimi kazi yangu ni maabara. Hewa hiyo inaishika himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anasinzia, wenzake wanadhani amechoka na jua. Kama anajua hayo, kwa nini aliuliza? Alisema alidhani Kenya hatujali. Neno hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Kapteni akampa njia nyingine: kamba ndefu, mita 20, avutwe akiwa amesimama juu ya ubao, mbali kabisa na propela. Si wekisafu, lakini ni kuteleza.

Tulitoka mapema kwa sababu baada ya saa sita mchana upepo unatoka ziwani na ghuba inachafuka. Alipita mbali na mafunjo ambako viboko hulala, akazunguka kisiwa cha magugumaji kilichokuwa kikielea, kisha akatafuta eneo lisilo na chupa. Nyavu za wavuvi hapa zinashikiliwa na chupa za plastiki na vipande vya sponji ngumu, na kamba ya kumvuta mtu ikinasa wavu umeharibu chakula cha familia ya mtu na pengine mguu wa kijana wako. Alikuwa na msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa akiwa ameipa mbele mgongo na kumtazama aliye majini. Walikubaliana ishara: dole gumba juu ni ongeza mwendo; chini ni punguza; mkono juu ya kichwa ni niko salama; kiganja kikikata shingoni ni zima. Kapteni mwenyewe alijifunga ile kamba nyekundu ya kuzima injini kwenye paja, akiteleza tu mashine inakufa. Kila kijana alipoanguka, boti ilizunguka kwa upole, injini ikazimwa kabisa, ndipo akavutwa karibu.

Aliinuka mara ya tano. Akasimama kama dakika moja na nusu, jua likiwa nyuma yake upande wa mjini, na wavuvi wawili waliokuwa wakirudi na omena wakasimama kwenye mtumbwi wao kumshangilia kwa Kijaluo. Sijamwona akicheka vile tangu dada yangu aanze kuugua.

(Mkienda, msiingilie maji pale ufuoni penye majani. Konokono wa kichocho wanakaa huko, na mayai ya minyoo ya kichocho nayaona kwenye hadubini karibu kila wiki. Ingieni kutoka botini, kwenye kina, jifuteni mara mtokapo, na mkapimwe baada ya wiki sita hadi nane hata kama hamuumwi popote.)

Tukiwa tunarudi, boti ya kijivu ya doria ikatukatia mbele. Moyo wangu uliruka, sitasema uongo. Wengi wetu tumezoea kwamba askari akikusimamisha, siku imeharibika. Kapteni akaweka injini huru na kusalimia, "Habari ya kazi, afande." Walikuwa watatu. Wakaomba leseni ya boti, cheti cha kapteni na karatasi ya majina ya abiria. Majina yetu yalikuwemo yote, yameandikwa kwa mkono kabla hatujaondoka, na nakala ilibaki ufuoni. Wakahesabu majaketi, wakataka kuona kizimamoto na filimbi.

Kisha mmoja, mwanamke, akaegemea kwetu akaniomba ruhusa, akashika jaketi langu mabegani kwa mikono miwili na kulivuta juu. Halikusogea. Akavuta la mpwa wangu, likapanda hadi masikioni, kwa sababu alikuwa amelegeza mikanda apumue. "Kijana, ukiingia majini hivi jaketi litaelea, wewe utabaki chini." Akamkaza mwenyewe kama mtoto wa shule anayefungwa tai. Wakauliza nani alikuwa akimtazama wakati wa kuvutwa, msaidizi akainua mkono. Wakatutakia safari njema. Hakuna aliyeomba kitu, na hakuna sauti iliyopandishwa.

Mpwa wangu alisema kwao ni vivyo hivyo. Texas askari wa wanyamapori ndio wanaozunguka maziwani, wanakusimamisha na kuhesabu majaketi. Mtoto wa chini ya miaka 13 lazima alivae wakati wote boti ndogo ikiwa inatembea, na ile kamba ya kuzima injini ni sheria ya nchi nzima kwa boti ndogo tangu Aprili 2021. Kwetu Huduma ya Walinzi wa Pwani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, na ukaguzi wa vyombo uko chini ya Mamlaka ya Ubaharia. Sheria tunazo. Nilichotaka kukiona ni mtu akivuta jaketi langu mabegani, na nimekiona.

Nyota iliyopotea ni ya ngazi. Boti haina ngazi ya kupandia. Kila mara kijana alinyanyuliwa kwa makwapa, na mbavu zake zilichubuka kwenye ukingo. Angekuwa mtu mzito, au aliyezimia, watu wawili wasingemtoa. Pia hakuna jaketi la mtoto, na kapteni alikataa mtoto wa jirani yangu wa miaka sita kwa sababu hiyo. Alifanya sawa kumkataa, lakini anunue. Mtoto alilia ufuoni na bibi yake kwa muda wa saa tatu.

Malipo ni kwa M-Pesa, nusu mkifika na nusu mkirudi. Chakula si chake, ila mkishuka mtapata samaki ngege wa kukaanga palepale. Sisi tulikula watano kwa 2,800.

Nilimwambia kuhusu ngazi na majaketi ya watoto kabla hatujaagana. Jana amenitumia picha: ngazi ya chuma ya vidato vitatu, imechomelewa na kupakwa rangi ya kijani, imeegemezwa ukutani kwa fundi. Tumepanga Jumamosi ijayo. Nitapanda nayo mimi mwenyewe kutoka majini, nikiwa nimelowa na jaketi mwilini, ndipo nitakuja kubadilisha nyota.