Pikapu ya zamani ya kuvutia tela zito: ununue ipi, na pesa uanzie wapi

Watu wakiniuliza habari za pikapu ya kuvutia tela, swali la kwanza huwa injini. Inavuta? Ina tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa? Nami huwauliza: umewahi kuushuka mlima Kitonga na tani mbili na nusu zinakusukuma mgongoni? Kupanda ni subira tu. Unaingiza gia ya pili, unajipanga nyuma ya semi, unafika. Kwenye kushuka ndipo unapojua kama ulinunua gari la kuvutia tela au gari lenye ndoano nyuma.

Naishi Iringa. Tela langu la ekseli mbili hubeba mashine za shambani na mazao, na kwenda Morogoro hakuna njia nyepesi ya kuukwepa mlima ule. Kwa hiyo usishangae nikiziweka breki na rejeta juu ya nguvu za injini. Ukivutia Tabora au Kahama kwenye ardhi tambarare, unaweza kunipinga kidogo.

Kabla ya gari, jua uzito

Mtu akisema "tela langu ni tani mbili" mara nyingi anasema mzigo. Tela lenyewe amelisahau. La chuma, ekseli mbili, likiwa tupu linaweza kuwa na kilo 600 au 700. Pandisha magunia 20 ya kilo 100, umeshafika kilo 2,700. Hiyo ndiyo namba ya kununulia gari.

Halafu kuna uzito wa pua, yaani ule wa ncha ya mbele ya tela unaokaa juu ya tobaa, chuma cha kufungia tela nyuma ya gari. Lenga kama asilimia 10 ya uzito wote. Pua ikiwa nyepesi mno, tela litapiga mkia ukifika kilomita 80 kwa saa. Ikiwa nzito mno, gari linakaa kitako, taa zinamulika minazi na stelingi inakuwa nyepesi mkononi. Kwenye mfano wetu pua ni kilo 270, na mizani ya bafuni haifiki huko. Basi fanya hivi: chukua ubao mnene, upande mmoja uweke juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, na pua ya tela uitue kwenye ubao karibu na tofali, theluthi moja ya urefu kati ya tofali na mizani. Inachosoma mizani zidisha kwa tatu. Ikisoma 90, pua yako ni 270. Ikisoma 40, sogeza mzigo mbele.

Pikapu zenyewe, kwa mpangilio wangu

Ya kwanza ni Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, na sioni ubishi. Silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, dizeli isiyo na tabo wala kompyuta ya kukuzimia gari porini. Chasisi yake ni ngazi ya chuma kweli, na Australia, ambako watu wanavuta mizigo mikubwa kuliko sisi, imepewa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Haina mbio. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, na Iringa tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo usitegemee kuyapita mabasi. Ila ukiingiza gia ya pili wakati wa kushuka, injini kubwa namna ile inakushikilia kama mtu aliyekukamata kola.

Unapoikagua, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. 1HZ inatumia mkanda, na kilomita 100,000 ndiyo desturi ya kuubadilisha. Muuzaji akijibu "huo bado mzima" bila karatasi, hesabu kwamba unanunua gari na mkanda. Ingia pia chini na tochi, tazama chasisi nyuma ya kebini na pale springi zinaposhikwa. Kutu ya juu juu haina neno. Unachotafuta ni ufa, au bamba lililochomelewa kufunika ufa. Mfumo wa umeme ukiwa wa volti 24, ni balaa kwa taa za volti 12. Pima kwanza, vinginevyo utaunguza taa zote za tela siku ya kwanza.

Ya pili kwangu ni Isuzu D-Max ya lita 3.0, hasa yenye injini ya 4JJ1. Inatumia cheni badala ya mkanda, inavuta kuanzia chini, na vipuri havisumbui kwa sababu D-Max zinaunganishwa Nairobi. Ina tabo tayari ya kiwandani, jambo tofauti kabisa na tabo ya kubandika. Kama tela lako halizidi tani mbili na nusu na bei ya Land Cruiser inakutoa machozi, nunua hii ulale.

Hilux naiweka ya tatu, na najua nitatukanwa. Hilux ni gari zuri. Tatizo ni kwamba watu wanaona jina, hawaoni injini. Ile ya zamani ya 5L, lita 3.0 bila tabo, haifi, lakini ni ya tela la tani moja na nusu. Ukiichemsha mara moja kwa uzembe, silinda hedi inapasuka. Hilux Vigo yenye injini ya 1KD ina nguvu za kutosha, ila sikiliza injekta zake asubuhi injini ikiwa baridi. Ikigonga kama nyundo kwenye kibati na kutoa moshi mweupe, ondoka, au punguza bei kwa thamani ya injekta zote nne. Usikubali kuhesabiwa moja.

Nissan Hardbody yenye QD32 ni ya nne: injini ngumu, bei nafuu, na kwa tela la maji la shambani inatosha kabisa. Navara D40 mimi siivutii kitu kizito. Uingereza chasisi za gari hizo zilikuwa zikioza na kukatika katikati hadi kampuni ikazinunua upya nyingine, na kilo 270 zinazoning'inia nyuma ya ekseli ndicho kitu cha mwisho ambacho chasisi ya namna hiyo inahitaji.

Na kwa zote, kama unaweza kuishi na milango miwili, chukua ya milango miwili. Kwenye dabo kebini nyingi bodi inarefuka nyuma ya ekseli, na tela linapata wenzo mrefu wa kukunja chasisi.

Umeshanunua. Sasa shilingi ya kwanza iende wapi?

Kwenye breki, na nasema breki za tela kabla ya zile za gari. Ulaya na Australia tela lisilo na breki zake mwisho ni kilo 750. Huku kwetu utaona tela la tani mbili linasimamishwa na pedi za Hilux peke yake, na dereva anamshukuru Mungu kila akifika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Safari moja, nusu ya Kitonga, pedali ikaanza kuzama. Harufu ikaingia ndani, ile ya breki zilizoungua, inayokaa kooni. Nilimaliza mlima kwa gia ya kwanza na hendibreki, utingo wangu ameshika kitasa cha mlango njia nzima. Sikumlaumu.

Breki za tela ziko za aina mbili utakazozipata. Kuna za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, mkono wa mbele unarudi ndani na kuvuta waya wa breki. Ni rahisi, fundi yeyote anaielewa, haihitaji umeme. Ubaya wake unauona mlimani, kwa sababu tela linaegemea gari njia nzima, kwa hiyo breki zinakwaruza njia nzima na kufika chini zimeiva. Za umeme zina kiboksi kidogo chini ya dashibodi, na unaweza kubonyeza breki za tela peke yake bila kugusa pedali. Tela likianza kupiga mkia, mbonyezo mmoja mfupi unalinyoosha. Kwa milima nazipa za umeme nafasi ya kwanza. Kwa tambarare na fundi wa kijijini, za kusukumwa zinatosha.

Kwa upande wa gari, badilisha mafuta ya breki yote, siyo kujazia. Na kuna kitu mafundi wengi wanakisahau. Hilux nyingi na wenzake zina vali juu ya ekseli ya nyuma, ina mkono mdogo wa chuma unaopima gari limebonyea kiasi gani. Ukiongeza springi gari likainuka, vali inadhani hujabeba kitu na kuzinyima breki za nyuma nguvu. Ukifunga springi mpya, huo mkono urekebishwe siku hiyohiyo.

Ya pili ni upoozaji. Hapa nina ugomvi na gereji nyingi. Gari likichemka, fundi anang'oa themostati, vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, anakwambia "sasa maji yatazunguka vizuri". Amekuondolea dalili. Injini haifikii joto lake, inakula dizeli, na siku ya mlima inachemka vilevile kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta. Rudisha themostati, safisha au badilisha kiini cha rejeta, weka kulanti badala ya maji ya bomba, halafu kagua feni. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, izungushe feni kwa mkono: inapaswa kukukatalia kidogo. Ikizunguka huru kama pangaboi, klachi yake imekufa. Weka na geji ya joto ya pembeni. Sindano ya Toyota nyingi inakaa katikati kwa raha zake huku joto linapanda, na ikianza kusogea umeshachelewa.

Tobaa ni ya tatu, nayo ni bei ndogo kuliko yote haya, ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiichomelea kwenye bampa. Tobaa hufungwa kwenye chasisi kwa bolti, pande zote mbili. Tazama vichwa vya bolti: viwe vimegongwa namba 8.8 au zaidi. Kichwa kisicho na namba ni bolti ya geti. Bolu, lile tufe la chuma linaloshikwa na kishikio cha pua ya tela, iwe ya milimita 50 na iwe imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Zile za inchi mbili ni milimita 50.8, na kishikio cha 50 kinagoma kuingia juu yake. Nimeona mtu akikigongelea kwa nyundo. Tela likishafungwa, simama kando ulitazame: liwe sambamba na barabara. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya pua, ili kishikio kikichomoka pua idakwe kabla ya kulima lami.

Springi na tairi nitaviunganisha. Ongeza jani moja kwenye springi za nyuma, siyo matatu, maana bila mzigo gari litaruka kama mbuzi. Tairi soma namba ya uzito ubavuni: 100 ni kilo 800 kwa tairi, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120. Na za mtumba soma tarakimu nne za tarehe. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usiweke tairi kubwa kwa sababu ya sura. Zinakunyang'anya gia na breki kwa pamoja.

Umeme: waya mweupe wa plagi ya pini saba, pini namba tatu, ndiyo ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Uvute hadi kwenye taa zenyewe. Ukiitegemea bolu ipitishe ethi, indiketa zitacheza disko.

Tabo ya kubandika kwenye 1HZ au 5L iko mwisho wa orodha, na kwangu haimo kabisa. 1HZ ina mgandamizo wa 22.4 kwa 1, ilitengenezwa ijivutie hewa yenyewe. Pesa ya tabo inanunua breki za umeme, kiini cha rejeta na tairi mbili, na chenji inabaki.

Ukimaliza kufunga, endesha kilomita 50 ukiwa na mzigo, simama, kaza tena bolti za tobaa na nati za tairi za tela. Mimi baada ya Kitonga husimama Ruaha Mbuyuni, kwa wauza vitunguu. Kabla ya kushika bei napita tela mzunguko mmoja, nikikaribisha mgongo wa mkono kwenye kila habu, kitovu cha gurudumu. Tatu zenye uvuguvugu na moja inayounguza: breki imeng'ang'ania au beringi inakwenda, na siondoki hapo mpaka tairi lile litoke.