Jamulus kwa wapiga gitaa wa nyumbani: uzoefu wangu

Nianze na jibu lenyewe, kwa sababu anayesoma uzoefu wa mtu mwingine huwa anataka kujua jambo moja: inafaa au haifai? Jamulus, programu ya kupiga muziki pamoja kupitia intaneti, inafaa. Sisi ni watatu: mmoja anapiga solo, mmoja besi, mimi napiga rithimu. Hakuna anayekula kwa muziki. Kila mmoja ana kazi yake, na gitaa tunalishika muda ukipatikana. Kwa Jamulus tunapiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwake, na wimbo unapigika kweli. Ila kupiga pamoja ni jambo moja, na kurekodi wimbo utakaompa mtu asikilize ni jambo jingine. Kwenye kurekodi, Jamulus imetufikisha katikati ya njia, na sehemu iliyobaki tunaimaliza kwa kupokezana mafaili.

Kwa asiyeijua, ni programu huria, ya bure, iliyoanzishwa na Volker Fischer, na inaingia kwenye Windows, macOS na Linux. Kila mpigaji anatuma sauti yake kwenye seva; seva inazichanganya na kumrudishia kila mmoja mchanganyiko wake. Sifa ninayoipenda kuliko zote iko hapo: miksi ni yako peke yako. Nikitaka besi isikike kuliko solo, napandisha kitelezi cha besi kwenye kioo changu, na mpiga solo hajui wala haimhusu. Picha haina, kuna sauti na mahali pa kuandikiana ujumbe, basi. Kwangu hiyo ni nafuu. Tulishajaribu kupiga kupitia programu moja ya mikutano ya video, ikawa inalichukulia gitaa kama kelele ya feni: noti ikidumu kidogo tu, inafifishwa mpaka inapotea. Programu za aina ile zimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea, na uzi unaolia kwa sekunde nne hauzungumzi.

Adui wa kazi hii ni ucheleweshaji. Hewani sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji wawili waliotengana mita 10 jukwaani, kila mmoja anamsikia mwenzake baada ya milisekunde 29 hivi. Hapo watu bado wanapiga, ingawa wimbo ukiwa wa haraka inaanza kuwa kazi. Mtandaoni, basi, unachotafuta ni kuubana ucheleweshaji ubaki ndani ya umbali wa jukwaa. Nao unaongezeka kila kituo: bafa (mahali sauti inapongoja kidogo kabla ya kupita) ya kadi ya sauti, kile kifaa kinachoingiza gitaa kwenye kompyuta, safari ya kwenda kwenye seva, bafa ya mtandao, safari ya kurudi. Bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde ni milisekunde 2.7 tu, lakini bafa ziko kadhaa. Ndani ya kebo za nyuzi za kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo kilomita 1,000 kutoka kwako imeshakula milisekunde 10 za kwenda na kurudi kabla ruta hata moja haijafanya kazi yake. Hakuna kifurushi cha intaneti kitakachokurudishia hizo. Jamulus inakuonyesha jumla yake kwa milisekunde, pamoja na taa ya kijani, njano au nyekundu. Tukiona nyekundu tunahama seva, hatubishani nayo.

Sasa nije kwenye mpangilio mmoja unaobeba yote, na ambao ningetamani kila mtu auelewe kabla hajaisema vibaya programu hii. Usijisikilize moja kwa moja kutoka kwenye kadi yako ya sauti. Kadi nyingi zina swichi ya kukurudishia sauti yako papo hapo kwenye hedifoni, na ukirekodi peke yako ni swichi nzuri sana. Kwenye Jamulus izime. Jisikilize unavyorudi kutoka kwenye seva. Mwanzoni mkono unakataa: unagusa uzi, sauti inakuja nyuma yake kidogo. Lakini ukumbi wenu ni seva. Pale ndipo sauti zote tatu zinapokutana, na ukijisikiliza kutoka pale unajisikia mahali ulipo hasa kati ya wenzako. Ukiwa nyuma, mkono unatangulia wenyewe bila kuuamuru. Ukijisikiliza papo hapo unajiona uko sawasawa kwenye mapigo, kumbe kwa wenzako unafika umechelewa, nao wanakusubiri, nawe unawasubiri wao. Mpiga solo wetu alipoizima swichi hiyo aliacha kupiga katikati ya wimbo, akasema, "Ndugu zangu, sasa nawasikia mko hapa hapa chumbani."

Kwa sababu hiyo hiyo gitaa la umeme ni rahisi kuliko gitaa kavu. La umeme unalichomeka kwenye kadi, kwenye tundu lililotengwa kwa ajili ya gitaa, na nyuzi zake zenyewe hazisikiki sana chumbani. Unachokisikia ni kile kinachorudi. Gitaa kavu umelikumbatia kifuani. Sanduku linatetemeka, unalisikia mwilini kabla seva haijakurudishia chochote, na mkono mmoja unakuwa na sauti mbili. Hedifoni zinazofunika sikio zima zinasaidia, na kupiga kwa ulaini kunasaidia zaidi. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, ucheleweshaji ukipita milisekunde 30 gitaa kavu halifai tena kwa kukung'uta mtindo wa haraka. Kuchambua nyuzi taratibu, kidole kwa kidole, bado kunawezekana.

Vifaa sitakaa navyo sana. Tumia kebo kutoka kwenye ruta. Waifai inaweza kuwa na kasi nzuri lakini pakiti, yaani vipande vya sauti yako, zinafika kwa mafungu, na kila ikiyumba unasikia mikwaruzo. Hedifoni za Bluetooth ziweke pembeni, kwani kwa kawaida zenyewe tu zinaongeza zaidi ya milisekunde 100. Kwenye Windows utahitaji draiva ya ASIO, yaani programu inayoiunganisha kadi ya sauti na kompyuta bila kuchelewesha sana. Kasi ya intaneti haina uzito ambao watu huipa: sauti ya gitaa moja kwa mono (mkondo mmoja wa sauti) haifiki megabiti 1 kwa sekunde. Kinachotakiwa ni utulivu, na hapo sote tuna malalamiko. Kampuni inayoniuzia intaneti inanipa kasi kubwa, lakini jioni, wakati kila nyumba iko mtandaoni, mstari unayumba kiasi kwamba mazoezi yetu tumeyahamishia asubuhi za mwisho wa wiki.

Kuna jambo la kimuziki ambalo hakuna mpangilio wa kulitibu, nalo ni wimbo kupungua mwendo. Unaanza na mapigo 100 kwa dakika, ukifika kiitikio cha pili uko 90 na hakuna aliyeamua hivyo. Chuo Kikuu cha Stanford, walikotengeneza JackTrip, programu nyingine ya kazi hii hii, walilichunguza jambo hilo kwa watu waliokuwa wakipiga makofi wakiwa wametenganishwa: ucheleweshaji ukikua mwendo unashuka, na ukiwa mdogo mno watu huwa wanaongeza kasi. Sababu yake unaisikia ukiwa ndani ya wimbo. Kila mmoja anamngoja mwenzake kwa chembe ya muda, na chembe hizo zinajumlishana. Dawa yetu ni kumpa mtu mmoja mamlaka. Mimi mwenye rithimu nashika mapigo na simsubiri yeyote, hata nikimsikia mpiga solo yuko nyuma. Besi inanifuata mimi, na solo inatufuata sisi wawili. Inahitaji roho ngumu kidogo, kwa sababu maisha yote ya mwanamuziki tumefundishwa kusikilizana. Hapa mmoja lazima ajifunze kutosikiliza sana.

Kwenye kurekodi, anayeendesha seva anaweza kuiamuru irekodi, nayo inamwekea kila mpigaji faili yake ya WAV, na juu yake inatengeneza mradi ambao Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti, inaufungua moja kwa moja, kila traki ikiwa mahali pake. Mara ya kwanza kuiona nilifurahi sana. Unamaliza mazoezi, unafungua mradi, na wimbo uko pale, traki tatu zimejipanga. Lakini sauti iliyofika kwenye seva imebanwa kwa Opus, mbinu ya kupunguza ukubwa wa sauti, ili iwahi, na kila mtandao ulipoyumba, ule mkwaruzo nao umerekodiwa. Kwa hiyo rekodi hiyo tunaichukua kama rasimu. Inatuonyesha mpangilio wa wimbo, mahali solo inapopumua, mahali besi inapogongana na kidole gumba changu. Wimbo wa kutoa tunaurekodi upya.

Tunavyofanya ni hivi. Nafungua mradi kwenye Reaper (ukiwa mpya unaruhusiwa kuijaribu siku 60 na kila kitu chake kinafanya kazi), naweka klik (mlio wa kuhesabu mapigo), naacha mapigo manne matupu mwanzoni, narekodi rithimu, kisha natoa faili mbili: klik na gitaa langu. Mpiga besi anazipokea, anaweka yake juu, anarudisha besi peke yake. Mpiga solo anakuja mwisho. Sharti ambalo hatulilegezi: kila faili ianze kutoka sekunde ya sifuri ya wimbo, hata kama solo inaingia dakika ya pili na kabla yake ni kimya kitupu. Ukiidondosha kwenye mradi inakaa sawa bila mtu kuisogeza. Na iwe WAV au FLAC, aina za faili zisizopoteza ubora, wala isiwe MP3. Zaidi ya kupunguza ubora, MP3 huongezewa kipande kidogo cha ukimya mwanzoni wakati wa kubanwa, sehemu ndogo tu ya sekunde, inayotosha kuifanya rithimu isikike imelewa. Vivyo hivyo usitume kwa programu za ujumbe zinazobana sauti kimyakimya. Weka kwenye folda ya pamoja. Faili ya mono ya biti 24 kwa 48,000 ni kama megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni megabaiti 35 hivi kwa kila gitaa. Hiyo si mzigo.

Je, kupokezana kunaua uhai wa wimbo? Niliogopa hivyo, na ndiyo maana rasimu ya Jamulus naithamini. Kuna wimbo wetu ambao kiitikio chake kinatoka G kwenda C, na kwenye rasimu mpiga besi alikuwa anachelewa kushuka, anaiacha G ilie mpaka mpigo wa pili ndipo ashuke. Alifanya hivyo kwa kunisikia mimi nikipiga juu-juu bila kugusa uzi mnene. Kwenye kurekodi upya, akiwa peke yake na klik, angeshuka mpigo wa kwanza kama mtu yeyote. Aliisikiliza rasimu, akairudia ile kuchelewa kwake, na leo watu wakitusifia wimbo ule wanasifia pale.

Mengine kwa kifupi. Rekodi kilele cha sauti kikae kati ya desibeli -12 na -6. Sauti iliyopasuka hairekebishiki. Maikrofoni ya gitaa kavu iweke karibu na freti ya 12, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye gitaa, mbali na tundu la sanduku linalovuma. Kabla ya kila kipande rekebisha nyuzi kwa A ya hezi 440, wote kwa kipimo hicho hicho, maana huwezi kumsogelea mwenzako umsikie amepotea kiasi gani.

Kama wenzako wako mbali sana, bara jingine labda, Jamulus haitawaokoa, na ningewaelekeza kwenye NINJAM ya Cockos, hao hao wanaotengeneza Reaper. Yenyewe haipambani na ucheleweshaji. Inaurefusha makusudi uwe mzunguko mzima wa mapigo, ili upige juu ya kile walichopiga wenzako mzunguko uliopita. Kwa mzunguko mmoja unaojirudia inapendeza mno, lakini wimbo wenye ubeti na kiitikio unavurugika. Na kama kuna mwenye simu tu, BandLab ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu na kwenye kivinjari, na kila mtu anaongeza traki yake kwenye wimbo mmoja. Kupokezana ni kule kule, bila folda.

Tahadhari moja kuhusu seva za umma za Jamulus: ziko wazi, na mgeni anaweza kuingia mkiwa katikati ya wimbo. Tumewahi kupata wapigaji wazuri kwa njia hiyo, ila kwa kazi ya kurekodi mpiga besi anaendesha seva yetu wenyewe, isiyoorodheshwa, ambayo unaingia kwa kujua anwani yake.

Ngoma zetu hadi sasa ni za programu. Tumeanza kuzungumza na mpiga ngoma mwenye ngoma za umeme anayeishi karibu na mpiga besi, na tumekubaliana kwamba akijiunga, seva itabaki upande wao wawili, mimi na mpiga solo tuzibebe milisekunde za ziada. Solo ikichelewa kidogo bado inapendeza. Ngoma na besi zikiachana hakuna wimbo.